Barua ya karakana na hesabu ya rodi: kuomba ruzuku ya mafunzo ya ufundi kwa ubia

Maandiko mengi ya kuomba ruzuku ya ufundi hukwamia sehemu mbili: barua ya mwajiri na bajeti ya vitendo. Kurasa nne za utangulizi kuhusu ukosefu wa ajira kwa vijana haziokoi kitu, maana anayelisoma andiko ameshazisoma kwa waombaji wengine hamsini. Anachotaka kujua ni kama chuo, karakana na halmashauri mmekaa mkagawana kazi, au mmekimbizana na mihuri wiki ya mwisho.

Tuchukue mfano wa Tanga. Kozi ya kuchomelea vyuma, vijana 20, miezi sita, chuo kidogo upande wa Pongwe, karakana mbili za mjini, na halmashauri. Kiongozi wa maombi awe yule mwenye hesabu zilizokaguliwa, hata kama ndiye mdogo kuliko wote, kwa sababu fedha zitapita kwenye akaunti yake na maswali yatamfuata yeye. Usajili wa chuo NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, uwe hai na uitaje fani mnayoiombea. Chuo kilichosajiliwa kwa ushonaji kikiomba fedha za uchomeleaji kinaenguliwa mapema, kabla bajeti haijafunguliwa.

Sasa barua ya mwajiri. "Tunaunga mkono mradi huu na tuko tayari kushirikiana" ni barua tupu. Barua inayobeba uzito inasema karakana itapokea vijana wangapi kwa mkupuo, kwa wiki ngapi, kwenye mashine zipi, chini ya fundi wa cheo gani. Karakana yenye mashine mbili haipokei vijana 20 kwa pamoja. Ikiandika hivyo, msomaji anajua mwenye karakana alitia saini bila kuulizwa. Andikeni vijana wanne kwa wiki nne. Vijana 20 ni makundi matano, karakana moja inachukua matatu na nyingine mawili, na zoezi lote linaisha ndani ya wiki 12. Hesabu ndogo kama hiyo inaaminika kuliko aya nzima ya sifa.

Ukienda kuomba barua, jiandae kusikia: "Sisi SDL tunalipa kila mwezi, mnataka nini tena?" Waajiri wenye wafanyakazi 10 na kuendelea wanalipa tozo hiyo ya kuendeleza ujuzi, kwa hiyo lalamiko lina msingi, usibishane nalo. Usiombe fedha taslimu. Omba nafasi, saa za fundi na mabaki ya vyuma. Vyote hivyo vina thamani na vinaingia kama mchango wa mbia, mradi vikadiriwe kwa haki: saa za fundi zihesabiwe kwa mshahara wake halisi, na kuwe na daftari la mahudhurio lenye saini yake kila siku. Mchango uliotiwa chumvi kwenye andiko hukatwa na mkaguzi, na pengo linakuwa lenu.

Bajeti ya vitendo ndiyo inayoonyesha nani anaijua kazi. Ukiandika "vifaa vya mafunzo, jumla", umejifunga mwenyewe. Hesabu rodi, vile vijiti vya kuchomelea. Mwanafunzi anayejifunza kweli anachoma rodi 25 kwa siku bila taabu, maana rodi moja inaisha kwa dakika moja hivi. Vijana 20, rodi 25, siku 60 za vitendo: rodi 30,000. Rodi za milimita 3.2 zinakaribia 30 kwa kilo, kwa hiyo mnahitaji kama kilo 1,000, yaani pakiti 200 za kilo tano. Wengi hushtuka wakifika hapo, kwa sababu walikuwa wametenga pakiti 30. Ndiyo maana kozi nyingine wiki ya tatu inageuka nadharia: mwalimu anachora mshono ubaoni na vijana wananakili.

Kabla ya kuagiza mashine, angalia umeme. Mashine ya fezi tatu kwenye jengo lenye fezi moja itakaa kwenye boksi hadi mradi uishe. Weka mstari wa LUKU kwenye bajeti, na wa helmeti, glovu za ngozi, aproni na buti, seti moja kwa kila kijana. Seti za kupokezana huwafanya nusu ya darasa wasimame wakitazama, tena wakitazama mwanga wa kuchomelea kwa macho matupu. Ankara kifani (proforma) zisomwe vizuri: bei iliyoandikwa kabla ya VAT ikiingizwa kama bei kamili, mnapungukiwa kodi yote hiyo siku ya kulipa.

Halafu kuna fedha za kumfikisha mtu darasani, ambazo watu huona aibu kuziomba. Kijana wa Chongoleani au Tongoni haachi kozi kwa uvivu, anaacha kwa nauli. Kama kwenda ni shilingi 1,000 na kurudi 1,000, siku tano kwa wiki, wiki 24, vijana 12 wanaotoka mbali, jumla ni shilingi 2,880,000. Ukilinganisha na bei ya mashine, hiyo ni fedha ndogo, na ndiyo inayozuia viti visibaki wazi. Kama mnalenga wasichana, ongezeni uji wa mchana na mtu wa kuangalia watoto wao wachanga. Bila hivyo idadi mliyoahidi itabaki kwenye karatasi. Tangazo la usajili nalo litazame bahari: vijana wavuvi hupatikana kusi inapovuma na ngalawa nyingi ziko ufukweni. Upande wa Muheza, msimu wa machungwa unaliacha darasa tupu. Na kama Ramadhani inaangukia ndani ya kozi, vitendo vifanyike asubuhi mapema, si saa nane mchana mbele ya moto.

Fedha zikishaidhinishwa, kinachoumiza ni awamu. Awamu ya pili hutoka baada ya ripoti ya kwanza kupita, na ripoti haipiti bila risiti za EFD, zile za mashine ya kielektroniki ya kodi. Muuzaji wa mtaani asiye na mashine ya EFD asiahidiwe oda; nunua kwa aliye nayo hata kama bei imepanda kidogo. Muwe na akiba ya kuendesha kozi angalau miezi miwili bila fedha mpya, au mbia mmoja akubali kwa maandishi kukopesha.

Hati ya makubaliano isizidi kurasa tatu, lakini isiache mambo mawili ambayo huleta ugomvi. Kijana akiungua au akikatika kidole karakanani, nani anamlipia hospitali, na bima ipo kwa jina la nani? Na mradi ukiisha, zile mashine zinabaki kwa nani, funguo za stoo anashika nani, na namba za kila mashine zimeorodheshwa kwenye daftari la nani? Yaandikeni hayo kabla ya saini ya kwanza, wakati bado mnachekeana.