Barua kwa mwanangu: kwa nini ramani ile imelowa

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na swali lako limenichekesha peke yangu jikoni. Unasema umeangalia The Cocoanuts, ile filamu ya 1929 ya Marx Brothers, wale ndugu wanne wachekeshaji wa Marekani, Groucho, Chico, Harpo na Zeppo, ukamwona Groucho anamkunjulia Chico ramani ya viwanja, na ramani yenyewe imelegea kama kanga iliyotoka kufuliwa. Ukauliza: "Mama, filamu imechakaa au macho yangu?" Macho yako mazima, baba. Karatasi ile imelowa maji kweli.

Nisingekuwa nimekaa miaka mbele ya maikrofoni labda ningelitilia shaka jambo hili. Siku zangu za mwanzo kusoma taarifa ya habari niligeuza ukurasa kama mtu anayesoma gazeti barazani. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, akashika kichwa. Tulipomaliza akaniambia nimewakaangia wasikilizaji bisi. Tangu siku hiyo karatasi zangu sikuzibana pini, na ukurasa ukiisha nauteleza pembeni taratibu, pumzi nimeibana. Na hizo zetu zilikuwa maikrofoni za maana! Za 1929 zilidaka kila mkwaruzo. Ramani kavu ilipokunjuliwa ilipiga kelele kuliko waigizaji wenyewe, basi wakailowesha. Ikanyamaza.

Hata ule ukakamavu uliouona, watu wamesimama kama wanapigwa picha ya pasipoti, ni mambo ya sauti hayohayo. Kamera ilikuwa na mota inayonguruma, kwa hiyo ilifungiwa ndani ya kibanda kisichopitisha sauti, mpiga picha naye humohumo. Kibanda hakikimbizani na mtu. Kina Marx walizoea jukwaa, wanarukaruka watakavyo, na hapa wanatakiwa wasitoke kwenye fremu. Wakurugenzi walikuwa wawili, Robert Florey na Joseph Santley. Huyo Florey, Mfaransa, angalau alitafuta pa kupumulia: tazama pale kamera inapowaangalia wachezaji ngoma kutoka juu, wakifunguka na kufunga kama ua. Mimi nyimbo zote nyingine naziruka.

Walipigia picha Astoria, mtaa wa Queens, New York, katika studio ya Paramount. Si Hollywood, maana jioni walitakiwa wawe Broadway, kule kwenye kumbi za maigizo za New York, wakicheza igizo lao jingine, Animal Crackers. The Cocoanuts nayo ilianzia jukwaani, Desemba 1925, wakati watu wakigombea viwanja vya Florida kama njugu. Kwa hiyo maneno yale yalishazoea vinywa vyao. Ule mzaha wa ramani najua ulikupita kidogo: Groucho anataja daraja la barabara, kwa Kiingereza "viaduct", na Chico analisikia kama "why a duck", yaani "mbona bata?" Basi hapo hapaendeki tena. Mbona bata, mbona si kuku? Mwenye kiwanja anaeleza daraja, mwenzake anatafuta ndege. Kisha Groucho anamtuma huyohuyo Chico mnadani akapandishe bei kwa hila, kama wafanyavyo madalali, naye anapandisha mpaka viwanja vinamwangukia mwenyewe. Hapo mimi hucheka hadi machozi, kila mara.

Umeuliza pia kama Harpo alikuwa bubu. Hapana. Nyumbani na kwa marafiki aliongea kama wewe na mimi. Jukwaani ndiko alikoacha kusema, miaka mingi kabla filamu hazijapata sauti, akabaki na honi yake, mluzi na kinubi. Mwaka ule kila studio ilijitangazia kwamba watu wake sasa wanaongea, na huyu anaingia katika filamu yake ya kwanza yenye sauti, halafu hatoi neno. Anafika kaunta ya hoteli, anatafuna simu, anateremshia wino. Wenzake wanakimbizana na maikrofoni, yeye hana habari nayo. Ukiniuliza nani kati yao aliielewa sauti vizuri kuliko wote, nitakutajia huyo huyo asiyesema. Redioni tuliambiwa kimya ni kosa, sekunde chache tu simu zinaanza kulia. Nilichelewa sana kujua kwamba kimya nacho kinasikilizwa.

Zeppo? Yupo, anasimama mapokezi, amevaa vizuri. Maskini, ndiyo hivyo tu.

Ukija likizo tuirudie pamoja, na ile sehemu ya mnada tuiangalie mara mbili. Ila bisi usilete.

Mama yako