Hesabu inapoachana na vipimo mwishoni mwa bomba
Kama kizigeu cha joto (yaani jinsi joto linavyopita kwa urahisi kutoka ukutani mwa bomba) ulichokokotoa kwa R134a, kipozeo cha majokofu, kinapochemka ndani ya bomba kinalingana na vipimo mwanzoni mwa bomba halafu kinazidi mno kuelekea mwisho, tatizo haliko kwenye namba zako, ndugu. Ukuta wa ndani wa bomba umekauka, kimiminika kimeishia kuwa mvuke. Fomula ya Chen ya 1966 hujumlisha joto la viputo na lile la mkondo, na inachukulia kwamba ukuta umelowa muda wote. Bomba likiwa limelala, uvutano hushusha kimiminika, kwa hiyo utando wa kimiminika wa upande wa juu hukatika kwanza. Upande huo hubaki na mvuke mtupu, na mvuke haubebi joto kama kimiminika.

Ligawe bomba vipande vidogo, na kila kipande kiwe na kiwango chake cha mvuke (sehemu ya R134a iliyokwisha kuwa mvuke). Sehemu ya viputo inategemea joto linalopita ukutani, nalo hulijui bado, basi kisia, kokotoa, rudia hadi namba zitulie. Panapoanza kukauka, badilisha fomula. Ile ya Wojtan, Ursenbacher na Thome (2005) inafuata sura ya mtiririko, yaani jinsi kimiminika na mvuke vilivyojipanga ndani ya bomba.

Na oili ya kompresa usiisahau, hiyo nayo huvuruga vipimo.