Protini ikizuiwa, kumbukumbu inakwenda wapi?

Nimesoma kwamba mnyama akidungwa dawa ya kuzuia protini ubongoni husahau alichojifunza. Husahau papo hapo?

Hasahau papo hapo. Chukua samaki wa dhahabu wa Bernard Agranoff, Chuo Kikuu cha Michigan, miaka ya 1960. Samaki aliwekwa kwenye tangi lenye kizuizi katikati. Taa ikiwaka upande wake avuke, la sivyo anapigwa shoti. Baada ya majaribio 20 alikuwa ameshaelewa. Akidungwa puromisini, mojawapo ya dawa hizo, fuvuni mara tu baada ya somo, siku chache baadaye alivuka kama mgeni wa tangi. Akidungwa saa moja baadaye, alikumbuka vizuri tu. Akidungwa kabla ya somo, alijifunza kama wenzake, ila somo halikudumu.

Kwa hiyo kujifunza kwenyewe hakungoji protini mpya. Kumbukumbu ya muda mfupi hutumia protini zilizokwisha kuwepo kwenye sinapsi (maungio kati ya seli za ubongo), zinazobandikwa fosfeti na kubadili utendaji. Protini mpya zinahitajika somo liweze kukaa.

Dawa hizi zinaharibu nini hasa?

Zinavamia ribosomu, kiwanda kinachounga asidi amino kuwa protini. Puromisini hujifanya asidi amino iliyobebwa na RNA yake, molekuli inayoifikisha kiwandani: inapokelewa, inaungwa, kisha mnyororo unachomoka ukiwa haujakamilika. Sikloheksimidi huzuia ribosomu kusogea hatua inayofuata. Anisomisini, inayotumika sana kwenye panya, huzuia kiungo kati ya asidi amino kisifungwe. Watafiti hulenga kuzima sehemu kubwa ya utengenezaji, mara nyingi asilimia 80 au zaidi, kwa saa kadhaa. Kinachobaki kikiwa kingi, mnyama anakumbuka na jaribio halikuambii kitu.

Basi nile mayai na maharage usiku wa kuamkia mtihani?

Kula ukiwa na njaa. Asidi amino zimo kwenye damu muda wote. Zaidi ya hapo, yai huvunjwa tumboni, haliendi kukaa kwenye sinapsi.

Kumbukumbu iliyokwisha kukaa inaweza kuguswa?

Wengi waliamini haiwezekani, mpaka mwaka 2000, Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux, New York, walipotoa matokeo yao. Panya alisikia mlio uliofuatwa na shoti ya miguu. Kesho yake akasikilizishwa mlio peke yake, kisha akatiwa anisomisini kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, mikrogramu 62.5 kila upande. Saa nne baadaye bado aliganda kwa hofu. Baada ya saa 24 hofu ilikuwa imepungua sana. Panya aliyepewa dawa bila kusikilizishwa mlio hakusahau, wala aliyecheleweshewa dawa saa sita. Kumbukumbu ikiamshwa hulegea kwa muda, na kuikaza tena kunahitaji protini.

Natumia doksisaiklini kujikinga na malaria. Nayo si huzuia protini?

Huzuia, ila ya bakteria na vimelea. Ribosomu ya bakteria ni 70S, ya seli zetu ni 80S (S huashiria ukubwa), na doksisaiklini hushika ile ya kwanza na za kimelea zinazofanana nayo. Endelea na dozi uliyoandikiwa. Anisomisini, sikloheksimidi na puromisini ni hadithi nyingine: hizo hugusa 80S, na mtu hapewi ili asahau.

Kwa hiyo imethibitishwa kuwa protini ndiyo kumbukumbu?

Tusiende mbio. Dawa zenyewe si safi. Puromisini huvuruga umeme wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na vipande vya protini inavyoacha vina athari zake. Mwaka 2007 maabara ya Paul Gold ilionyesha kuwa anisomisini ikitiwa kwenye amigdala huachilia kwa wingi noradrenalini, dopamini na serotonini, kemikali zinazobeba ujumbe kati ya seli za ubongo. Sasa kilichofuta kumbukumbu ni upungufu wa protini, au ni hayo mafuriko? Kulinganisha na panya waliodungwa maji ya chumvi pekee hakujibu swali hilo.

Kisha mwaka 2015 maabara ya Susumu Tonegawa, MIT, iliziwekea alama seli za panya zilizoshiriki kujifunza kuogopa sanduku walimopigwa shoti, alama iliyozifanya ziitikie mwanga. Panya wakapewa anisomisini, wakasahau, na sinapsi za seli hizo hazikuimarika kama za panya wasiopewa dawa. Lakini seli zilipomulikwa moja kwa moja, panya waliganda kwa hofu ileile. Kumbukumbu ilikuwemo, kilichokosekana ni njia ya kuifikia kwa kuliona tena lile sanduku la shoti.