Maswali na majibu: Kamba za bure na mizani ya mwenyewe

Barua za safari hii karibu zote zina kisa kimoja. Shirika la misaada limeshikana mikono na kampuni, wamefika kijijini na fulana na kipaza sauti, mradi umezinduliwa, na sasa watu wanauliza wameingia kwenye nini. Nimechagua nane. Zile za "naomba namba ya mfadhili" nimeziweka kando, kama kawaida.

Swali: Sisi ni wakulima wa mwani. Kampuni na shirika moja walitupa kamba, taitai (nyuzi za kufungia mwani) na vigingi bure. Tumepata mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri kidogo, lakini tunaambiwa tukimuuzia huyo turudishe vifaa. Ni haki? (Jambiani)

Basi havikuwa vya bure, mama zangu. Huo ni mkopo uliovishwa kanga ya hisani, na riba yake ni ile bei mnayoikosa. Mtindo wenyewe ni mkongwe. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko kwenu na Paje mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wanunuzi wamezoea kugawa vifaa ili mzigo uje kwao peke yao. Mfanyabiashara kulinda fedha yake sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na shirika lililosimama katikati, likapiga picha, likaandika kwenye ripoti "tumegawa vifaa", na halikuwaambia kwamba kamba hizo zimewafunga nyinyi kabla ya kufunga mwani.

Daini karatasi. Iandikwe kamba na taitai zina thamani ya shilingi ngapi, kiasi hicho kikatwe kidogo kidogo kwenye kilo mnazouza, na kikiisha kila mmoja auze anakotaka. Wakikataa kuandika thamani, kukataa kwao ndiyo jibu.

Halafu mizani. Niliwahi kukaa pwani moja siku ya kupima. Magunia yanatundikwa kwenye mizani ya kuning'inia, karani anasoma yeye, anaandika yeye, na kila gunia linaangukia namba nzima: 30, 25, 20. Hakuna hata gunia moja lenye kilo 27 na nusu. Mama mmoja akatoa kwenye kikapu mfuko wa sukari wa kilo 5, haujafunguliwa, akaomba nao utundikwe. Ukasoma 4 na kidogo. Karani akasema mizani imechoka na jua. Kilo saba au nane za mwani mbichi zinatoa kilo moja tu ya mkavu. Mtu aliyeingia baharini wakati wa bamvua, mgongo umeinama, akafunga mche mmoja mmoja, hana kilo ya kumchangia karani. Nendeni na sukari yenu.

Hili hamkuuliza, lakini nalisema. Cottonii, ile aina ya mwani yenye bei, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu bahari imepata joto. Kuifuata kwenye kina kunataka boti na kunataka mwanamke anayejua kuogelea. Anayetaka kusaidia aweke fedha hapo, asiwaitie semina ya nne ya sabuni ya mwani. Sabuni ile mnunuzi wake ni mtalii, na mtalii hununua kipande kimoja cha kupeleka kwao. Pwani yote ya mashariki ikitengeneza sabuni, atakoga nani?

Swali: Nipo kwenye kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Ndama wa kwanza amezaliwa dume. Nimpeleke kwa nani? (Arumeru)

Kwa kawaida kinachorudishwa ni mtamba, kwa hiyo dume ni wako. Subiri uzao ujao, na huo mkataba uliotia dole usomewe leo hii.

Swali: Naomba unifundishe kuandika andiko la mradi ili nipate mfadhili. Mradi wenyewe bado sijaamua. (Dodoma)

Umekwenda kwa fundi cherehani bila kitambaa. Nimelijibu hili mpaka mhariri ananicheka. Sirudii.

Swali: Tuko Muscat. Tumechanga tununue vyerehani 20 vya wanawake wa kijijini kwetu Pemba. Tushirikiane na shirika gani huko nyumbani? (Muscat)

Ndugu zangu, nia yenu ni njema, ndiyo maana nitasema wazi. Vyerehani nimeviona vingi. Vya mwisho vilikuwa stoo ya shule moja, bado vina nailoni, sindano zimeshika kutu, na juu yake wamepanga viti vya kukodisha harusini. Mafunzo yalikuwa wiki mbili. Cheti kila mtu anacho, kimelaminishwa, kiko ukutani. Kilichokosekana ni mtu wa kuja kusema: nishonee, bei hii hapa.

Kwa hiyo acheni kutafuta shirika, tafuteni walimu wakuu watatu na mafundi ambao tayari wanashona kijijini. Kila Januari watoto wanahitaji sare, na mzazi mwenye haraka anaifuata dukani kwa mfanyabiashara aliyezileta kwa robota. Fedha mliyochanga itumike kununua kitambaa Oktoba. Mafundi wapewe oda iliyoandikwa, idadi na saizi, wapate nusu ya ujira mbele. Januari sare ziuzwe, fedha irudi, Oktoba inunue kitambaa tena. Mkiona mafundi wanazidiwa na kazi, hapo nunueni cherehani. Kimoja. Kiwe cha kukanyaga, ambacho spea zake zinapatikana Chake Chake.

Najua mtaniambia oda ya sare haipigiki picha vizuri kama vyerehani 20 vilivyopangwa mstari. Ni kweli.

Swali: Chama chetu kinauza kahawa kwa Fairtrade, ile nembo ya biashara ya haki. Tunasikia kuna senti 20 za dola juu ya kila ratili. Mbona sijawahi kuziona mfukoni? (Moshi Vijijini)

Kwa sababu hazikuwekwa ziingie mfukoni mwako. Hizo senti 20, premiamu kama mnavyoiita, ni za chama. Mkutano mkuu unakaa na kupiga kura: darasa, maji, mashine ya kumenya. Angalau senti 5 kati yake lazima ziende kwenye ubora na uzalishaji. Usizichanganye na malipo ya pili, ambayo ni bei ya kahawa yako mwenyewe inayomaliziwa baada ya mauzo. Premiamu unaidai kwa kunyoosha mkono mkutanoni, malipo ya pili unayadai kwa stakabadhi.

Sasa swali ambalo ungetakiwa kuuliza. Chama kuwa na cheti hakumaanishi kahawa yote imeuzwa kwa cheti. Mnunuzi wa Ulaya anaweza kuchukua sehemu ndogo kwa nembo, na gunia zilizobaki zikaenda sokoni kama kahawa nyingine yoyote, bila hata senti moja ya premiamu. Simama mkutanoni umuulize meneja: msimu uliopita, katika gunia zote, ngapi ziliuzwa kwa nembo? Akianza hotuba, rudia swali.

Kuna wengine wananiandikia kwa hasira kuhusu bei ya chini, yaani ile ambayo mnunuzi wa Fairtrade haruhusiwi kushuka chini yake. Tangu Agosti 2023 ni dola 1.80 kwa ratili ya arabika iliyooshwa, lakini hiyo ni bei ya bandarini. Kabla haijafika kwenye mizani ya chama chenu imelipia kukoboa, magunia, lori na makato. Na soko lilipopita dola 4 mapema mwaka 2025, bei ya chini ilikaa pembeni kabisa, kwa sababu ipo kwa ajili ya siku soko linapoanguka. Mlanguzi anayekuja na noti mkononi mwaka wa neema mwuzieni mkitaka, ila muulizeni mwaka wa njaa anapatikana wapi. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, ilianzishwa hapo Moshi 1933 na bado ipo, pamoja na makosa yake yote. Walanguzi waliopita tangu wakati huo, nitajieni hata jina moja.

Swali: Tupo vijana sita tunafuga kuku. Kuna mfadhili na kampuni ya chakula cha mifugo wanataka kufanya kazi nasi. Tusajili kampuni au NGO? (Iringa)

Mnataka kugawana faida? Basi NGO si yenu, kwa sababu NGO haigawi faida kwa wanachama. Na ule ujanja wa kujisajili BRELA, kwa msajili wa kampuni, kama kampuni yenye ukomo wa dhamana huku mkifanya kazi za NGO ulifungwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019. Sajilini kikundi, ushirika au kampuni, kisha mgongeeni afisa maendeleo ya jamii. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Ni mkopo usio na riba. Nimesema mkopo.

Kuhusu kampuni ya chakula: wakiwapa vifaranga na chakula kisha wakasema kuku wote ni wao, rudini juu mkasome jibu la Jambiani. Kuku na mwani hapo havina tofauti.

Swali: Kila siku unachanganya biashara na hisani. Kampuni haina moyo, shirika halina akili ya biashara. Wapi uliona vikakaa pamoja? (Nakuru)

Kwenye simu yako, mwalimu. M-Pesa ilianza kama jaribio la mwaka 2005. Idara ya misaada ya Uingereza ilitoa karibu pauni milioni moja, Vodafone nayo ikaweka za kwake, Safaricom ikawa na mtandao, na Faulu ikaleta wateja wake wa mikopo midogo. Nia ilikuwa watu walipe marejesho kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, kampuni ikafuata walichokuwa wanafanya, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa wote. Msaada ulikuwa mdogo, ukatoka mara moja, ukaondoka, na hakuna aliyebaki anamngoja mfadhili.

Njia hiyohiyo leo inapitisha kubeti na mikopo ya usiku wa manane. Hilo halikuwemo kwenye andiko.

Swali: Shirika linataka kuwapiga picha wanangu kwa ajili ya wafadhili. Wameomba wavue viatu kwanza. Niseme nini? (Tanga)

Wavalishe viatu. Vile vya Idd.