Ndiyo, nipo Kanada, na ninaishi kijijini

Mdogo wangu, meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza imekuwaje nivuke bahari halafu niishie kijijini, na kama uuze sehemu yako ya shamba la Basotu unifuate. Wengi hapo nyumbani wananiuliza hilohilo, basi nakujibu wewe na wao wasome.

Nipo jimbo la Saskatchewan, kusini, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Regina, mji mkuu wa jimbo. Kijiji chetu hakifikishi watu 150. Wewe uliyekulia Hanang utaielewa nchi hii haraka kuliko mtu wa Dar, maana ni tambarare za ngano tupu. Yale mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, aliyotusimulia baba, yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada, yalifuata kilimo cha huku. Na kama wafugaji wa Kibarbaig walivyopoteza malisho yao kule, huku nako kulikuwa na wenyewe, Wacree na wengine, kabla serikali haijaikata ardhi vipande vya ekari 160 na kuwapa wahamiaji kwa ada ya dola 10. Ukiitazama kwenye ramani ni miraba mitupu, kama daftari la hesabu.

Vijiji vingi vya huku vilizaliwa na reli. Viliwekwa karibukaribu ili mkulima mwenye mkokoteni wa farasi apeleke ngano na kurudi siku hiyohiyo. Yalipokuja malori, haja hiyo ikaisha. Siku hizi familia moja inalima ekari elfu tano, ambazo zamani zingegawiwa familia thelathini. Ghala letu refu la mbao bado limesimama kando ya reli, lakini halipokei nafaka. Shule imefungwa. Watoto wangu wanakaa kwenye basi dakika hamsini kwenda na hamsini kurudi, na wakati wa baridi wanaondoka giza. Hilo linaniuma kuliko yote.

Sasa watu wenyewe. Salamu zao ni fupi mno. Hakuna za asubuhi, za watoto, za ng'ombe, na mtu haji kwako bila kupiga simu kwanza. Miezi ya mwanzo niliamini kabisa kwamba hawatutaki.

Januari ya kwanza baridi ilifika nyuzi 38 chini ya sifuri. Huku usiku gari huchomekwa kwenye umeme ili injini isigande, nami nilisahau waya. Asubuhi nilipofungua mlango nilimkuta jirani, mzee wa miaka sabini na kitu, ameinama kwenye pikapu yangu, boneti iko juu. Alikuwa amevua glovu moja ili abane vizuri nyaya za betri, na ncha za vidole zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Injini ilipowaka akasema, "Sasa sawa," akaondoka. Hata chai hakuingia kunywa.

Septemba mke wake alilazwa hospitali ngano ikiwa imekauka shambani. Hakuna aliyeitisha kikao. Asubuhi zilikuja kombaini saba, zile mashine za kuvunia, kutoka mashamba ya jirani, kina mama wakaleta chakula kwenye magari, na siku ya pili jioni kazi ikawa imekwisha. Ni msaragambo kabisa, ila bila ngoma wala maneno. Toka siku ile nikaacha kuwapima kwa salamu.

Hela ipo, sikufichi. Lakini gesi ya kupasha nyumba moto inakula sana, gari ni lazima, na bila leseni wewe ni mfungwa, kwa sababu daladala hakuna. Kuanzia Novemba hadi Machi upweke ni mzito. Shemeji yako alilia majira mawili ya baridi, na wa kuzungumza naye Kiswahili ana kwa ana hadi twende Regina, tunakofuata pia unga wa ugali.

Kwa hiyo shamba usiuze. Wewe ni mtu wa baraza, wa kuketi na wenzako hadi usiku, na hapa hutapata hilo. Kama bado unataka, chukua kwanza leseni ya magari makubwa hukohuko, na uje kwa mkataba wa kazi, si kwa ahadi ya dalali. Jumamosi nitapiga saa mbili usiku ya huko, kwangu itakuwa saa tano asubuhi. Mama naye awepo.