Kabla hujaandika "juhudi za kumpata hazikufua dafu"

Acha. Usichapishe kesho.

Nimesoma swali lako hapa jukwaani mara mbili nikiwa kwenye matatu ya Rongai, na mara zote mbili nimetamani kushuka nije nikutafute. Una orodha ya wachezaji saba wa mpira wa vikapu wa chuo chenu ambao, unasema, walifanyiwa mitihani na watu wengine ili wasitemwe kikosini. Umeipata kwa "mtu wa ndani". Unauliza kama utaje majina, kama uweke picha, kama usubiri kamati ya nidhamu, na kichwa gani kitavuta wasomaji. Halafu mwishoni unajituliza: "nitaweka neno inadaiwa, kwa hivyo niko salama."

Huko salama. Mimi pia nililiweka.

Mwaka 2018 nilikuwa mwaka wa tatu, naendesha blogu ya michezo ya vyuo hapa Nairobi. Nilikuwa na kamera ya mkono wa pili na kitambulisho cha mwanahabari cha kughushi nilichotengenezewa mtaa wa River Road, kwa hivyo elewa kwamba hapa unazungumza na mtaalamu. Siku moja ofisa wa timu fulani ya raga akaniita kwenye kibanda cha chai kule Ngara, akanitolea karatasi mbili mfukoni. Moja ilikuwa fomu ya kikosi cha mechi. Nyingine ilikuwa orodha ya wanafunzi. Namba ya usajili ya winga wao, kijana aliyekuwa akitajwa kila wikendi, ilionyesha mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu mwaka uliotangulia. Basi nikajua: huyu anachezea namba ya mtu. Mamluki!

Karatasi zilikuwa halisi. Hilo ndilo lililonimaliza, maana nilidhani karatasi ikiwa halisi basi na habari ni ya kweli.

Nilimpigia yule kijana saa nne kasorobo usiku. Hakushika. Nikapiga tena. Saa nne na robo habari ilikuwa hewani: jina lake kamili, picha yake imezungushiwa duara jekundu, na lile sentensi ambalo sote tumelikariri kutoka magazetini, "juhudi zetu za kumpata hazikufua dafu." Juhudi! Simu mbili na sahani ya chipsi katikati.

Yeye alikuwa mazoezini, simu iko kwenye begi. Na ukweli ulikuwa hivi: alimaliza diploma mwaka uliotangulia, akajisajili shahada chuo kilekile, akapewa namba mpya. Katibu wa timu alipojaza fomu akanakili namba ya zamani. Yule mtu "aliyehitimu" alikuwa ni yeye mwenyewe. Ningemuuliza tu, "Namba hii ni ya nani?", angenijibu kabla chai haijapoa.

Kufikia asubuhi ilikuwa imezunguka kila kundi la WhatsApp. Timu ikamweka benchi "hadi uchunguzi ukamilike." Klabu moja iliyokuwa imemwita majaribio ikanyamaza kimya. Siku ya nne nikapata barua ya wakili: nifute, niombe radhi, nilipe. Tulimalizana nje ya mahakama. Nililipa gharama za wakili wake kwa awamu sita, na kamera nikaiuza mtaa wa Luthuli kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu bado naumia.

Lakini pesa si kitu. Mama yake alipanda basi la usiku kutoka Kakamega. Habari aliisoma kwenye kundi la kanisa lake. Tulikaa naye kwenye kibanda kilekile cha Ngara, mimi nimejiandaa kutukanwa, nimepanga hadi maneno ya kujitetea. Hakupaza sauti. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, uliongea na huyu kijana wangu?" Nikaanza, "Mama, tulijaribu..." Nikaishia hapo.

Sasa nije kwa walionipotosha. Yule ofisa alikuwa amenyimwa nafasi ya meneja wa timu wiki mbili kabla, na aliyepewa alikuwa rafiki wa yule winga. Sikuuliza, hakusema. Wa pili ananiudhi zaidi: mwanahabari mkongwe wa mjini niliyemfanya mwalimu wangu. Usiku ule nilimpigia nikamwambia kijana hashiki simu. Akacheka. "Andika hazikufua dafu, sahihisha kesho. Habari haingoji mtu." Barua ya wakili ilipofika nikampigia tena. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Miaka imepita na bado hapatikani. Juhudi hazikufua dafu.

Na hilo neno "inadaiwa" mliloligeuza hirizi, litupeni. Ukirudia kashfa ya mwingine, yaani maneno ya kumchafulia mtu jina, kwa sheria yetu ni kana kwamba umeitamka wewe. Ni kweli Mahakama Kuu ilikitupa kifungu kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai, Februari 2017, kwa hivyo kwa kosa hilo hutalala ndani. Kesi ya madai ingali hai, na mtu ana miezi 12 ya kuifungua. Na katiba yenyewe, kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kutaka habari ya uongo inayomhusu isahihishwe au ifutwe.

Nimeona mmoja kwenye majibu hapo juu anakwambia "Wamarekani huchapisha tu." Wamarekani gani? Mwaka 2006, chuo cha Duke, wachezaji watatu wa lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu, walishtakiwa kwa ubakaji. Sura zao zilijaa kwenye televisheni nchi nzima, msimu ukafutwa, kocha akaondoka. Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa North Carolina akafuta mashtaka na kutamka kwamba hawana hatia. Mwendesha mashtaka, Mike Nifong, akanyang'anywa leseni ya uwakili mwaka huohuo. Mmoja wa vijana wale alikuwa na rekodi za simu, dereva wa teksi na picha ya kamera ya benki kuonyesha alikokuwa usiku ule. Ushahidi huo ulikuwapo tangu mwanzo.

Usinielewe vibaya lakini, sikwambii ufunike mambo. Sara Ganim alikuwa mwandishi wa gazeti la mkoani Pennsylvania alipoandika Machi 2011 kwamba Jerry Sandusky, aliyekuwa kocha msaidizi wa chuo kikuu cha Penn State, anachunguzwa kwa kudhulumu watoto. Wengi wakampuuza hadi Sandusky alipokamatwa Novemba. Mwaka 2012 yeye na gazeti lake wakapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari kule Marekani. Hakusubiri kamati ya chuo, na wewe usiisubiri. Lakini hao saba lazima uwasubiri.

Namaanisha hivi: kila mmoja umwandikie peke yake. Si "una la kusema?" Mwambie tarehe, somo, mtihani, na nini hasa unataka kuandika juu yake. Mpe siku mbili kamili, si za wikendi. Akikujibu, jibu lake liwe juu, si aya ya mwisho baada ya tangazo. Asipojibu, andika ulimwuliza lini na kwa njia gani, msomaji ajionee mwenyewe. Ukibaki na wanne kati ya saba, andika wanne. Ukibaki na kosa la karani wa mitihani, hiyo ndiyo habari yako, na huenda ni kubwa kuliko uliyokuwa nayo.

Uliuliza pia kuhusu picha na kichwa cha habari. Hayo tutaongea ukishapata majibu. Leo ni Jumatano. Andika barua saba usiku huu, na kabla hujalala mpigie huyo mtu wako wa ndani umuulize amekosana na nani pale kwenye timu.