Maji ya Dodoma hayachemki kwa 100

Madogo, nimepita kwenye meza ya mmoja wenu nikakuta 2N3904, ile transista tunayoitumia kama kipimajoto, imezamishwa kwenye sufuria ya maji yanayotokota ili aikalibreti (ailinganishe na joto linalojulikana), na kwenye kodi ya programu kaandika 100. Nimeona niandike kabla hamjaharibu mayai ya watu.

1. Miguu mitatu ya transista: kolekta na besi pamoja, emita graundi, halafu rezista ya kilo-omu 10 kutoka volti 5. Haya mnayajua. Anayeweka omu 220 eti "isome vizuri" anapitisha karibu miliampea 20, na transista inajipasha yenyewe digrii kama 3.

2. Volti ya besi inashuka kama milivolti 2 kwa kila digrii. ADC ya Arduino Uno, yaani sehemu inayogeuza volti kuwa namba, ina hatua 1,024, kwa hiyo ukiiacha kwenye volti 5, hatua moja ni zaidi ya digrii 2. Namba inaruka kutoka 26 hadi 28, mnasema transista ya Kariakoo feki. Wekeni refarensi ya ndani (volti ya juu kabisa ambayo ADC inapimia), volti 1.1. Ni mstari mmoja tu wa kodi, jamani!

3. Sasa sufuria. Barafu iliyopondwa ikiwa inayeyuka ni 0 popote ulipo. Maji yanachemka kwa 100 ukiwa Tanga au Dar, kule pwani. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na hapa yanachemka kwenye 96 hivi.

Mimi nililijua hilo kwa njia mbaya. Nilimtengenezea mama mdogo mashine ya kutotoleshea vifaranga, nikakalibreti kwa barafu na maji ya moto, nikaandika 0 na 100, nikaiweka 37.5. Akapanga trei nzima ya mayai ya kienyeji. Siku ya 21, kimya. Siku mbili baadaye vikatoka vichache, vimelegea, vingine havikumaliza hata kutoboa ganda. Nikamwambia jogoo wake mzee. Nilisema hivyo bila aibu, na yule jogoo akaliwa!

Mama mdogo hakubishana. Alitia ndani kipimajoto cha homa, kile cha kioo, kisha akaniita. "Baba, mashine yako inasema 37 na nusu, hiki cha duka la dawa kinasema 36. Nimwamini nani?" Nikaanza kukisema vibaya kipimajoto. Baadaye nikaazima cha maabara, nikakitumbukiza kwenye maji yanayotokota: 96. Nilikuwa nimeidanganya sensa kwa asilimia 4, na asilimia 4 ya 37 ni digrii moja na nusu ya mayai kupoa. Trei nililipa. Jogoo sikuweza kumlipa.

4. Ukibadilisha transista, kalibreti upya, hata kama zimetoka pakiti moja. Asiyetaka usumbufu huo apitishe kwenye transista mikondo miwili ya umeme, mmoja mara 10 ya mwingine, apime tofauti ya volti: ni milivolti 0.2 kwa kila kelvini, ila atahitaji amplifaya.

5. BC547, transista nyingine, miguu yake imegeuka kinyume na ya 2N3904. Ukikosea, bado itakupa namba inayofanana na kweli, kwa hiyo usijipe moyo kwamba "si inasoma". Fungua datashiti. Na funika miguu kwa silikoni kabla ya kuizamisha. Yule wa sufuria hakufunika.